Sweta Katika Chumba cha Panya

Panya hawakulamba miguu asubuhi ile, na hapo ndipo Mama Panya alipojua kuwa ndoa yake imekufa kabla haijafungwa.

Twende taratibu, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu utacheka. Mama Panya hakuwa mama wa mtu. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, aliyefundisha jinsi dawa zinavyofanya kazi ndani ya ubongo na mishipa ya fahamu. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu kila swali walilomuuliza alilijibu kwa kuanza na "panya wangu". Hakulichukia. Mume aliyemwacha alikuwa amemwita majina mabaya zaidi.

Kazi iliyomla miaka yake ya karibuni ilikuwa dawa ya maumivu. Si haya ya kichwa yanayotulizwa na kidonge cha dukani, bali yale ya mishipa iliyoharibika, yanayounguza nyayo za mtu kana kwamba amekanyaga kaa la moto ilhali sakafu ni baridi. Panya alidungwa kitu kidogo cha kuwasha kwenye unyayo, kisha akatazamwa. Mwenye maumivu hulamba mguu. Aliyepata nafuu huuacha. Siku moja alilipima kundi lililopewa dawa, siku nyingine lililopewa maji ya chumvi tu, na tofauti ilikuwa ya kumfanya mtu aruke. Wa dawa walitulia kimya pembeni mwa vizimba. Wa maji walilamba miguu mpaka akawaonea huruma.

Aliyeichora tofauti hiyo ikapendeza machoni pa wakubwa ni Grafu. Naye wanafunzi hawakusahau kumpa jina lake la utani. Alikuwa mhadhiri wa takwimu katika idara hiyohiyo, mdogo kwa Mama Panya kwa miaka michache, mtu wa sauti ya chini na vidole virefu, na hakuna kitu duniani ambacho hakuweza kukichorea mstari wa kupanda na kushuka. Siku moja alimchorea grafu ya mara anazocheka kwa wiki, akamwonyesha kuwa mstari ulianza kupanda wiki waliyofahamiana. Mwanamke mzima, mwenye shahada tatu, akalala na kile kikaratasi chini ya mto. Alikuwa amempenda, wacha tuseme ukweli, kufa na kuoza.

Sweta liliingia hivi. Dawa ilitakiwa kuchanganywa siku ileile, kwa hiyo siku za dawa Mama Panya aliingia kazini alfajiri, na chumba cha panya kilikuwa na ubaridi wa mashine unaopenya mpaka kwenye mifupa. Grafu alimkuta siku moja anatetemeka, akavua sweta lake la kijivu na kumvisha yeye mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, kama anavyovishwa mtoto. Tangu hapo kila siku ya dawa alilivaa chini ya koti jeupe, akainamia vizimba huku harufu ya yule mwanamume imemzunguka shingoni. Siku za maji hapakuwa na cha kuchanganya. Aliingia jua limeshapanda, akaliacha sweta ofisini.

Kisha Grafu akasafiri kwenda kwenye mkutano wa wanasayansi, nchi ya baridi, akaliomba sweta lake. Na panya wa dawa wakaanza kulamba miguu.

Mama Panya alidhani dawa imeharibika. Akachanganya upya. Wakalamba. Akabadilisha chupa, akabadilisha sindano, akabadilisha hata panya. Wakalamba tu. Grafu aliporudi, akamvisha tena sweta mlangoni pa maabara na kumnong'oneza kuwa alilivaa kila siku ili alirudishe na joto lake, panya wakatulia, na Mama Panya akafurahi kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Halafu akakiweka kikombe chini, akalitazama sweta alilovaa.

Alikuwa akilijua jambo hili. Alikuwa akilifundisha, jamani. Panya akinusa harufu ya mwanamume huingiwa na woga, na kiumbe mwenye woga huficha maumivu yake, maana mwili wote unafikiria kukimbia. Ndiyo sababu wanafunzi wake wa mwaka wa pili aliwaonya wasiyatenganishe makundi kwa siku, wayachanganye, wavae nguo zilezile, waingie saa zilezile. Ni kosa ambalo angemkata mwanafunzi alama bila kupepesa macho.

Basi asubuhi hiyo aliwadunga wote maji ya chumvi. Hakukuwa na tone la dawa chumbani. Alilitundika sweta kwenye kiti kilichokuwa karibu na vizimba, akajibanza pembeni na koti lake jeupe, akatazama. Panya walitulia wote.

Grafu akaingia na tabasamu lililomtangulia.

"Jopo la kukagua utafiti limepitisha," alisema. "Mkuu wa idara kaniita sasa hivi. Tunaanza kujaribu kwa watu. Na Mama anatungoja mchana, anasema anataka kuisikia tarehe ya ndoa kutoka kinywani mwako."

Hayo ya mwisho yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Mama yake Grafu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye kisukari cha siku nyingi kilichomharibu miguu. Kwa muda mrefu hakutaka hata kusikia habari za mwanamke huyo. Alisema mbele za watu kuwa mwanawe hakukosa wasichana hata aende kuokota aliyeachika, tena anayenuka panya. Kisha akasikia kuwa huyohuyo anatengeneza dawa ya miguu. Moyo wake ukalainika, akaanza kumwita mwanangu, na kumtumia salamu. Mama Panya hakujidanganya. Alijua amekubaliwa kwa sababu ya ile chupa iliyoko kwenye friji.

"Kaa hapo," alimwambia Grafu.

"Mbona hivyo? Nimekwambia limepita."

"Kaa, mpenzi. Watazame hawa."

Grafu alitazama. "Wametulia. Leo siku ya dawa, si ndiyo?"

"Leo siku ya maji. Wote nimewadunga maji. Kitu pekee nilichoongeza humu ndani ni sweta lako."

Grafu hakuwa mjinga. Alilitazama sweta, akawatazama panya, akalitazama sweta tena, na Mama Panya akaziona siku zote za alfajiri zikipita machoni pake, moja baada ya nyingine. Aliuliza kama amejaribu kuliondoa. Akajibiwa kuwa alifanya hivyo jana na juzi, wakalamba. Akauliza kama ana hakika. Akajibiwa.

"Hawakupona hata siku moja," Mama Panya alisema. "Waliogopa tu."

Alingoja. Alikuwa ameyapanga usiku kucha maneno ambayo mwanamume huyu angeyasema. Huenda angesema pole. Huenda angesema basi tuanze upya, tuko wawili. Huenda angekasirika na kupiga meza, na hilo nalo angelisamehe.

"Nani mwingine anajua?" Grafu aliuliza.

Mama Panya alimjibu kuwa hakuna, na papo hapo akaona mabega ya yule mwanamume yakishuka kwa nafuu.

Walichosemezana baadaye hakifai kusimuliwa chote. Grafu alisema jopo limeshapitisha na kwamba wao si wa kwanza duniani kuwa na jaribio lenye dosari. Alisema yeye anapandishwa cheo mwaka huu kwa kazi hii, na mkataba wa Mama Panya mwenyewe unaisha, nani atampa mwingine akisimama hadharani kusema ameharibu utafiti kwa sababu ya sweta la bwana? Watamcheka mpaka kaburini. Mama Panya alisema watu watapewa dawa isiyotibu kitu, na hakuna ajuaye itawafanya nini. Alisema haya yote kwa sauti ya darasani, taratibu, maana angejaribu sauti nyingine angelia, na hakutaka kulia mbele yake.

"Lakini inatibu," Grafu alisema. "Wewe hangaika na panya wako. Mimi najua inatibu."

"Unajuaje?"

Grafu akatupia jicho kwenye friji.

"Nakuuliza, unajuaje?"

"Mama anaitumia." Alilisema akiwa anatazama sakafu. "Nilikuwa nachukua kidogo kidogo kwenye friji. Matone tu, asubuhi na jioni. Ungekuwa unamsikia usiku kama ninavyomsikia mimi, ungefanya vilevile. Na amepata nafuu. Kila nikimuuliza, anasema yanapungua."

Mama Panya alimsogelea. "Tangu lini?"

"Tangu kabla sijasafiri. Tangu ulipoanza kusema inafanya kazi."

Hapo ndipo alipolichukua sweta kwenye kiti na funguo za gari mezani, akamwambia twende kwa Mama, sasa hivi, tusingoje mchana.

Njiani, kwenye taa za barabarani, Grafu aliutafuta mkono wake kama alivyozoea, nao mkono ukabaki pale ulipo, haukukimbia wala haukumshika. Mama Panya mwenyewe alishangaa kwamba bado anaupenda mkono wa Grafu. Mapenzi hayaondoki kwa sababu umeamua. Yanabaki yamekaa hapohapo kama mgeni asiyejua kuaga.

Nyumba ya Mama ilikuwa ya vyumba vichache, safi, na mapazia ya sebuleni yalikuwa yamefungwa ingawa kulikuwa kumekucha zamani. Mama alikuwa kwenye kochi lake, amevaa soksi nzito na ndala, khanga mabegani. Mama Panya alimwamkia, shikamoo Mama, akapokewa kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Hata mboga sijaanza kukatakata."

"Miguu inaendeleaje?" Grafu aliuliza kabla hajakaa, na swali lenyewe lilitoka kwa namna ya mtu anayeomba.

"Ah, miguu salama. Yanapungua. Leo nimetembea mpaka getini." Mama alitabasamu, akaivuta miguu chini ya kochi, akatulia tuli.

Mama Panya aliutazama utulivu ule. Aliujua. Alikuwa ameukodolea macho mwaka mzima kwenye vizimba.

Grafu alimgeukia kwa macho yanayosema umesikia? Kisha akaanza kuzungumza harakaharaka habari za tarehe, na ukumbi, na nani aalikwe. Mama Panya alimkatiza. Alipiga moyo konde, akamweleza Mama yote, bila kumung'unya maneno: panya, sweta, woga, kwamba dawa haikumtibu hata panya mmoja. Hakutafuta sababu ya kujisafisha. Grafu alimtaka anyamaze mara moja, mara mbili, ya tatu akasimama.

"Umeona raha sasa?" alimwambia. "Ulichoshindwa kukitunza wewe unataka tukose wote."

Akatoka. Mlango ulibamizwa, na hatua zake zikasikika zikishuka ngazi za mbele mpaka getini.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Ameondoka?" aliuliza.

"Yuko nje, Mama. Kwenye gari."

"Hawezi kutusikia?"

"Hawezi."

Ndipo yule mama alipoegemea mto na kuachia mguno mrefu kutoka ndani kabisa, mguno wa mtu aliyebana pumzi kwa miezi. Akavuta soksi moja kwa ncha ya kidole cha mguu wa pili, akashindwa, na Mama Panya akapiga magoti kumvua. Nyayo zilikuwa zimewekewa vitambaa vya maji.

"Hayajapungua hata kidogo," Mama alisema. "Yalipungua lini? Lakini ananitazama, mwanangu. Kila asubuhi anakuja na kile kichupa, anakaa hapo, ananitazama usoni. Ningemwambia nini? Tangu baba yake afe sijawahi kumwona na matumaini namna ile."

Mama Panya alinyanyua uso ili amjibu, na mwanga mdogo wa pembeni mwa pazia ukamwangukia Mama machoni. Akasahau alichotaka kusema. Aliinuka, akalifungua pazia lote.

Macho ya Mama yalikuwa ya manjano. Si manjano ya uzee, manjano ya ini linalokufa.

Alimuuliza kama anakula. Mama alisema anatapika tu kila anachokula siku hizi. Alimuuliza kama mwili unawasha. Mama alisema unawasha, ndiyo, usiku hasa, na ndiyo maana amefunga pazia, mwanga unamchokoza, na pia kuna watu wanapita wanaulizauliza juu ya macho yake. Alimuuliza kuhusu mkojo, na Mama akageuza uso kwa haya, halafu akasema umekuwa wa rangi ya chai.

"Tunakwenda hospitali, Mama."

"Nitakwenda." Mama alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Mama Panya hakuitarajia. "Lakini usiwaambie ni yeye. Sema nimejinunulia dawa barabarani. Mzee kama mimi, nani atashangaa? Ukisema ni yeye watamfukuza. Watamfunga. Mimi nilikusema vibaya, najua, nilikuita sijui nini na nini. Nisamehe hayo. Ila hili nifanyie."

Ukitaka kumjua mtu aliyebanwa, ungemwona Mama Panya pale sakafuni. Akificha, madaktari watatibu gizani, hawatajua ni sumu gani imo mwilini. Akisema, yule aliyemvisha sweta mkono mmoja kisha wa pili amekwisha, na yeye mwenyewe pamoja naye. Hakumjibu Mama ndiyo wala hapana. Alimvisha soksi polepole, akamvisha lile sweta la kijivu kwa sababu alianza kutetemeka, akaenda kumwita mwanawe.

Hospitali waliwaingiza moja kwa moja. Daktari wa zamu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, na alipomwona Mama Panya alisimama wima akasema shikamoo mwalimu. Alikuwa amekaa darasani kwake, mstari wa nyuma, miaka michache iliyopita. Alimlaza Mama kitandani, akambonyeza tumbo upande wa kulia, akamvuta kope za chini, na uso wake ukabadilika ingawa alijitahidi usibadilike.

"Mama amekuwa akitumia dawa gani?" aliuliza.

"Hizi za sukari tu," Mama alisema. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Hakuna nyingine? Za kienyeji, matone, chochote? Ini limeumia. Nikijua ni nini, kuna jambo ninaloweza kufanya mapema. Nisipojua, tutakuwa tunabahatisha."

"Hakuna, mwanangu. Na wala hakiniumi kitu. Nimechoka tu."

Mama Panya alimgeukia Grafu. Alimpa nafasi. Mungu ni shahidi, alimpa nafasi nzima, akamtazama kwa macho yote aliyowahi kumtazama nayo, akimwomba afungue mdomo aseme sentensi moja. Angeisema, labda angemsubiri hata nje ya gereza. Grafu alikuwa ameegemea ukuta, kijasho kimemtoka, anatazama viatu vyake. Midomo ilicheza kidogo. Haikutoa neno.

"Daktari," Mama Panya alisema, "naomba huyu atoke kwanza."

Grafu aliinua uso. "Mimi ni mwanawe."

"Ndiyo maana."

Walitazamana. Mama Panya aliona kuwa Grafu amemwelewa. Mtu wa takwimu yule, alielewa mara moja ni jaribio gani linafanywa na ni kitu gani kinaondolewa chumbani. Machozi yalimlengalenga, akatikisa kichwa kama anayekataa, kisha akaanza kuelekea mlangoni.

"Subiri," Mama Panya alimwambia.

Akasogea kitandani, akalivua sweta la kijivu kutoka mabegani mwa Mama, mkono mmoja kisha wa pili, na kumfunika blanketi la hospitali. Sweta akamkabidhi mwenyewe.

"Na hili uondoke nalo."

Grafu alilipokea, akalikumbatia kifuani bila kujua anafanya nini. Mlango ukafungwa nyuma yake, safari hii taratibu.

Binti daktari alishika kalamu, anawatazama kwa zamu, haelewi. Mama alikuwa amelaza kichwa upande wa mlango, akisikiliza nyayo zikienda mbali kwenye korido, mpaka zikaisha. Kisha uso wake ukakunjika, na miguu miwili ikaanza kusuguana chini ya blanketi, mmoja juu ya mwingine, bila kupumzika.

"Yanauma," alisema. "Yanauma sana, mwanangu."

Mama Panya alikaa ukingoni mwa kitanda, akaipakata miguu ile mapajani. Machozi aliyoyabana tangu asubuhi yalikuwa yakimshuka, na hakujishughulisha kuyafuta. Alimgeukia mwanafunzi wake na kuanza kumweleza kilichokuwamo kwenye kile kichupa, akianza na jina lake mwenyewe.